Neno "Right" Lilipofika Japani: Historia ya Haki na Tafsiri Yake

Imezoeleka kudhani kwamba kutafsiri ni kazi ya kamusi tu. Neno la lugha moja huwekwa kwenye kitanga kimoja cha mizani, la lugha nyingine kwenye kitanga cha pili, na uzito ukilingana kazi imekwisha. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba mambo hayako hivyo, hasa pale neno linalotafsiriwa linapogusa uhusiano wa mtu na dola. Mfano nitakaoutumia ni neno dogo la Kiingereza ambalo hata mtoto wa shule ya msingi hulijua, neno "right", na jinsi wasomi wa Japani wa karne ya 19 walivyohangaika kuwaeleza wananchi wenzao maana yake. Historia hii ni ya Wajapani, lakini naamini ina fundisho kwa kila taifa linaloandika sheria zake kwa lugha yake.

Tuanze na neno lenyewe. Mwingereza akikuelekeza njia hukuambia ugeuke "right", yaani kulia. Mwalimu wake akisahihisha hesabu husema jibu ni "right", yaani sahihi. Seremala wake hupima pembe "right", nasi tunaiita pembe mraba. Akitaka jambo lifanyike papo hapo, au akikubali kwamba mambo ni sawa, neno ni hilo hilo. Na akisimama mahakamani kudai alichonyang'anywa, bado ni hilo hilo, ila sasa lina maana ya haki. Siasa nayo iliongeza maana yake, mrengo wa kulia, iliyotokana na namna wajumbe walivyoketi katika bunge la Ufaransa mwaka 1789.

Maana hizi hazikukutana kwa bahati. Shina lake ni wazo la unyoofu, la kitu kisichopinda, na lugha jirani zina mpangilio kama huo: "recht" ya Kidachi na "droit" ya Kifaransa hubeba unyoofu, sheria na haki kwa pamoja. Kwa hiyo mtu anayesema kwa Kiingereza kwamba ana "right" juu ya shamba lake anatoa madai mawili kwa pumzi moja. Anasema shamba ni lake, na anasema ni sawa, ni adili, liwe lake. Madai ya kwanza yanahusu umiliki na uwezo. Ya pili yanahusu ukweli na maadili. Mwenye lugha haoni mshono kati ya mawili hayo. Mgeni anayejifunza lugha ndiye anayeuona, kwa sababu yeye hulazimika kuchagua.

Wajapani walilazimika kuchagua kwa haraka. Mwaka 1853 meli za kivita za Marekani zikiongozwa na Matthew Perry zilitia nanga karibu na Edo, mji ambao leo ni Tokyo, na kufikia mwaka 1858 serikali ya shogun ilikuwa imetia sahihi mikataba ya biashara na Marekani na mataifa manne ya Ulaya. Mikataba hiyo haikuwa ya usawa. Wageni waliokosa nchini humo walihukumiwa na makonsuli wao, na Japani haikuwa huru kupanga ushuru wake wa forodha. Kuelewa sheria za mataifa ya Magharibi kukawa suala la kufa na kupona.

Miongoni mwa walioibeba kazi hiyo alikuwamo Fukuzawa Yukichi, aliyezaliwa mwaka 1835 katika familia ya samurai wa daraja la chini. Baba yake alikuwa mtu wa elimu aliyekufa bila kupanda cheo, kwa kuwa vyeo vilifuata ukoo, na Fukuzawa aliuchukia mfumo huo maisha yake yote. Alijifunza Kidachi kwa bidii, kwa sababu kwa zaidi ya karne mbili Waholanzi ndio walikuwa Wazungu pekee walioruhusiwa kufanya biashara nchini humo. Mwaka 1859 alikwenda Yokohama, bandari iliyokuwa imefunguliwa karibuni, akagundua kwamba hakuweza hata kusoma mabango ya maduka: wageni wale walitumia Kiingereza. Akaanza upya.

Mwaka 1860 alisafiri kwenda San Francisco ndani ya meli Kanrin Maru. Huko yeye na mkalimani Nakahama Manjirō, mvuvi wa zamani aliyewahi kuokolewa baharini na Wamarekani na kusomeshwa kwao, kila mmoja alinunua kamusi ya Webster. Alinunua pia kitabu cha msamiati wa Kiingereza na Kichina, akakiongezea matamshi na maana za Kijapani, na mwaka huo huo kikawa chapisho lake la kwanza. Kwa maneno mengine, mtu aliyekuja kuwa mwanafikra mkubwa wa Japani ya kisasa aliingia katika uandishi kwa kuwaelezea wanafunzi maneno ya Kiingereza.

Kazi iliyompatia jina ni Seiyō Jijō, yaani hali ya mambo ya Magharibi, iliyoanza kutoka mwaka 1866. Katika sehemu iliyochapwa mwaka 1870 alitua kueleza maneno mawili yaliyomsumbua kuliko mengine, "liberty" na "right". Maelezo yake juu ya neno la pili yanastahili kusomwa na kila mwalimu wa lugha. Alisema asili yake ni uadilifu na unyoofu, ule wa mtu anayetimiza wajibu wake bila kupinda. Kutoka hapo, akasema, maana ilihamia kwenye sababu ya haki inayomruhusu mtu kudai jambo. Kisha kwenye mamlaka ya kutenda, kama mamlaka ya askari wa doria kumkamata mhalifu. Mwisho, kwenye kitu ambacho mtu anapaswa kuwa nacho, kama mali yake mwenyewe. Alikiri kwamba maneno yaliyokwisha kutumiwa katika tafsiri za Kichina hayaeleweki kwa urahisi. Naye hakuwa na neno moja la kutosha, ndiyo maana alitumia aya nzima.

Kwa nini aya nzima? Si kwamba Wajapani hawakuijua haki. Wakulima wa enzi ya Edo walipeleka malalamiko kwa watawala, na walipopuuzwa waliasi mara nyingi, wakiwa na imani kwamba mtawala mwema ana deni la huruma kwa watu wake. Lakini huruma hutoka juu kwenda chini. Kilichokosekana ni neno la kila siku lenye kumwezesha mtu wa chini kusema kwamba jambo ni lake hata kama mkubwa hana huruma. Hilo ndilo pengo ambalo kamusi ya Webster haikuweza kuliziba.

Fukuzawa alijaribu kuliziba katika Gakumon no Susume, wito wake wa kujifunza, uliotoka kwa sehemu 17 kati ya mwaka 1872 na 1876. Humo alifafanua kwamba watu hawalingani kwa hali: yupo bwana mkubwa na yupo mchukuzi, yupo mpigana mieleka mwenye misuli na yupo binti dhaifu wa jumba la kifahari. Wanacholingana ni kile alichokiita kenri tsūgi. Hapa tuiangalie kwa makini sehemu ya kwanza ya neno hilo, kwa kuwa ndiyo kiini cha mada yetu.

Kijapani huandikwa kwa alama za Kichina ziitwazo kanji, na kila alama ina maana yake. Sauti moja inaweza kuandikwa kwa alama tofauti. Kenri ya Fukuzawa ilikuwa na alama mbili: ken, yaani mamlaka, na ri yenye maana ya mantiki, sababu, kanuni ya mambo. Ilikuwa mamlaka inayotokana na sababu ya haki. Lakini ilikuwapo kenri nyingine, ikitamkwa vile vile bila tofauti ya sikio. Ken yake ni ile ile ya mamlaka, ila ri yake ni alama nyingine kabisa, yenye maana ya faida, manufaa, maslahi. Hiyo ni mamlaka na faida. Na hiyo ndiyo iliyoshinda. Ndiyo iliyomo katika kamusi, sheria na katiba ya Japani hadi leo.

Ilitoka wapi? Mwaka 1864 mmishonari Mmarekani aliyeishi China, W. A. P. Martin, alitoa kwa Kichina kitabu cha Henry Wheaton juu ya sheria ya kimataifa. Penye "right" aliandika quanli, yaani alama zile za mamlaka na faida. Baadaye yeye mwenyewe alieleza kwamba matumizi hayo yalionekana ya kigeni, lakini hakuona njia nyingine. Kitabu hicho kiliingia Japani mara moja na kusomwa sana. Wakati huo huo Nishi Amane na Tsuda Mamichi walikuwa Leiden, Uholanzi, ambako kuanzia mwaka 1863 hadi 1865 walifundishwa sheria na siasa na Profesa Simon Vissering. Waliporudi waliandika juu ya sheria za Magharibi, na maandishi ya wasomi wa kundi lao yakaieneza kenri ya mamlaka na faida katika lugha ya dola.

Kwa msomi wa maandiko ya kale ya Kichina, alama hizo mbili zikikaa pamoja hazikuwa na harufu nzuri. Xunzi, mwanafalsafa wa karne ya 3 kabla ya Kristo, alizitumia kutaja mamlaka na faida kuwa vishawishi ambavyo mtu aliyeelimika hapaswi kuyumbishwa navyo. Cha kushangaza, sura aliyoandika hayo nayo ni wito wa kujifunza, sawa na jina la kitabu cha Fukuzawa. Hivyo neno ambalo mzee Xunzi aliwaonya wanafunzi wake nalo ndilo lililopewa kazi ya kubeba utu na stahili ya kila mtu.

Kwamba mashaka yalikuwapo tangu mwanzo linathibitishwa na mkasa wa Mitsukuri Rinshō, mfasiri wa sheria za Kifaransa katika serikali mpya ya Meiji. Alipotafsiri "droit civil" kwa neno minken, yaani ken ya watu, baadhi ya wajumbe wa jopo la sheria walipigwa na butwaa. Watu kuwa na ken? Maana yake nini hiyo? Kwao ken ni kitu cha mtawala, na kuwapa watu wa kawaida ilikuwa kama kusema mto unapanda mlima. Mjadala ulikuwa mkali, na Mitsukuri alijitahidi kuutetea mpaka kiongozi wa jopo, Etō Shinpei, alipoutuliza kwa kushauri kwamba neno liachwe kwanza, lisiuawe wala lisipewe nguvu, kwani ipo siku litafaa.

Etō alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Mwaka 1874 Itagaki Taisuke na wenzake waliwasilisha ombi la kutaka bunge la kuchaguliwa, na vuguvugu lililofuata likajulikana kwa neno hilo hilo: uhuru na minken. Serikali ilijibu kwa kanuni za magazeti mwaka 1875, kanuni za mikutano mwaka 1880, na mwaka 1887 kwa amri iliyowafukuza wanaharakati zaidi ya 500 kutoka mji mkuu. Hapo ndipo athari ya tafsiri ilipojitokeza. Kwa kuwa haki ya mtu na nguvu ya dola zote zilikuwa na alama ya ken, wapinzani wa vuguvugu waliweka kokken, ken ya taifa, dhidi ya minken, ken ya watu, kama mafahali wawili wanaogombea zizi moja. Swali la nani mwenye haki likageuka swali la nani mwenye nguvu zaidi. Fukuzawa mwenyewe mwaka 1878 alichapisha vitabu viwili, kimoja juu ya kila upande, na kadiri miaka ilivyokwenda uzito wake ulielemea upande wa taifa.

Katiba ya mwaka 1889 ilihitimisha ushindani huo kwa namna yake. Sura yake ya pili ilihusu haki na wajibu wa watawaliwa. Ilitolewa na Mfalme Mkuu kama zawadi kwa watu wake, na uhuru wa kusema, kuandika na kukusanyika uliruhusiwa ndani ya mipaka ya sheria. Sheria zilipotungwa kuubana zaidi, kama ile ya mwaka 1925 ya kulinda amani, hapakuwa na mahali pa kukimbilia. Mtu aliyepewa faida na mwenye mamlaka hana la kusema faida hiyo ikipunguzwa.

Je, tuseme basi kwamba neno baya ndilo lililozaa utawala mbaya? Nakataa. Huo ungekuwa uvivu wa fikra, na ushahidi wa kuukanusha upo. Mwaka 1968 mwanahistoria Irokawa Daikichi na wanafunzi wake walifungua ghala kuukuu la familia moja katika eneo la Itsukaichi, milimani magharibi mwa Tokyo, wakakuta rasimu ya katiba ya mwaka 1881. Iliandikwa na mwalimu wa shule, Chiba Takusaburō, baada ya mijadala ya kikundi cha wanakijiji. Ina vifungu 204, na sehemu kubwa yake inahusu ulinzi wa mtu dhidi ya dola. Chiba alikufa mwaka 1883 akiwa na miaka 31, na rasimu yake ililala gizani kwa zaidi ya miaka 80. Mwanaharakati Ueki Emori naye, mwaka huo wa 1881, aliandika rasimu iliyotambua haki ya watu kuupinga utawala dhalimu. Wote hao walitumia kenri ile ile yenye kasoro. Walimimina ndani yake ile maana ya uadilifu ambayo alama zake hazikuibeba.

Katiba iliyoanza kutumika tarehe 3 Mei 1947 iliandikwa chini ya ukaliaji wa majeshi ya washindi, lakini nayo iliendelea na neno hilo hilo. Inatamka kwamba haki za msingi za binadamu ni tunda la mapambano ya muda mrefu ya wanadamu. Kwa watu wa aina ya Chiba, tamko hilo lilikuwa ni historia yao. Hata hivyo wachambuzi wa Kijapani, akiwamo mwanazuoni wa tafsiri Yanabu Akira, wameendelea kukumbusha kwamba ken ndani ya kenri huwaelekeza wasikilizaji kwenye nguvu na kuwasahaulisha uadilifu.

Sasa tujitazame. Kiswahili kiliyagawa mapema yale ambayo Kiingereza kiliyafunga pamoja. Upande wa mwili tuna kulia, mkono wa kulia chakula, ambao wazee huuita pia mkono wa kuume. Kwa usahihi tuna sahihi na sawa. Na kwa kile ambacho Fukuzawa alikitafuta kwa aya nzima, tunalo neno haki, lililotoka katika Kiarabu, ambako asili yake inagusa ukweli pamoja na kile anachostahili mtu. Sisi tunasema hakimu atende haki, na tunasema mjane ana haki yake, kwa neno moja. Mtu akitaka aaminiwe huapa kwa haki ya Mungu. Uadilifu ambao kenri iliupoteza njiani, sisi tunao ndani ya neno tangu utotoni.

Lakini utajiri wa neno si kinga. Tusikilize vitenzi tunavyovioanisha nalo. Kiswahili kina kudai haki, na kudai ni kitenzi cha deni: anayedai ni mwenye mali, na anayedaiwa ndiye mwenye mzigo. Hata hivyo, katika barua nyingi za ofisini mtumishi huandika "naomba kupatiwa haki yangu", na mkubwa hujibu kwamba ombi limepokelewa. Kwa kitenzi kimoja tu deni limegeuzwa sadaka. Hotubani nako tunaambiwa wananchi wamepewa haki fulani, kana kwamba kuna aliyekuwa nayo ghalani.

Nchini Tanzania, haki za msingi ziliingizwa ndani ya Katiba kwa mabadiliko ya mwaka 1984, chini ya kichwa "Haki na Wajibu Muhimu", na ibara ya 30 inamruhusu anayeona haki zake zimevunjwa kufungua shauri Mahakama Kuu. Mwaka 2020 sheria ya utekelezaji wa haki hizo ilirekebishwa ili anayefungua shauri aonyeshe jinsi yeye binafsi alivyoathirika, na ubishi juu ya sharti hilo ukafika mahakamani. Msomaji aliyenifuata hadi hapa atatambua swali lililomo: je, haki ni maslahi ya mtu mmoja mmoja, au ni unyoofu wa mambo unaomhusu kila raia? Ni swali la ri mbili za Kijapani.

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Naiunga mkono hatua hiyo kwa moyo wote. Kazi ya kufasiri sheria inaendelea katika ofisi za umma, na wanaoifanya ni watumishi ambao majina yao hayatajulikana kwa wengi. Ninachowaomba ni subira ya Fukuzawa, ya kuandika aya nzima pale neno moja lisipotosha, kabla ya kuchagua. Kwa wanafunzi na wanaharakati ombi langu ni dogo zaidi, na linaweza kuanza na barua ijayo mtakayoiandikia ofisi yoyote: pale jambo linapokuwa haki yenu, msiandike kwamba mnaliomba. Andikeni kwamba mnalidai, kwa adabu zote, kama mtu anavyomkumbusha jirani yake deni.